Tawi Lisiloweza Kusaini: Wakutubi wa Afrika Mashariki, 1956 hadi 1972

Ukitafuta herufi EALA leo utaletewa Bunge la Afrika Mashariki, lile lenye makao yake Arusha. Miaka mingi kabla ya bunge hilo kuwepo, herufi hizohizo zilikuwa za watu wengine kabisa: wakutubi. Chama cha Maktaba cha Afrika Mashariki kilianzishwa mwaka 1956, kikavunjwa mwaka 1972. Wengi wetu tunaojiita wapenzi wa vitabu hatujawahi hata kukisikia.

Historia za maktaba huwa zinatuambia nani alijenga, nani alifungua, nani alikata utepe. Mimi nataka tuangalie jambo kavu zaidi, lile ambalo watu hulipita haraka kwenye katiba ya chama: tawi ni la nani, na nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo hadithi yenyewe.

Mwaka 1956 swali hilo halikumsumbua mtu. Kenya ilikuwa koloni, Uganda nchi lindwa, Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, lakini mtawala alikuwa mmoja, shilingi ilikuwa moja, na posta ilikuwa moja. Chama kimoja cha wakutubi kwa nchi zote tatu kilikuwa jambo la kawaida tu. Mwaka 1960 ripoti ya Sidney Hockey kuhusu maendeleo ya maktaba ilitazama Afrika Mashariki yote kwa pamoja. Mwaka 1963 Makerere ikafungua Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki, na vijana kutoka Dar es Salaam walikwenda Kampala kusomea kazi. Mwaka huohuo kikaanza Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kwa hiyo mkutubi wa chuo alikuwa na chuo kikuu cha kanda, shule ya kanda na chama cha kanda. Matawi ya Kenya, Uganda na Tanzania yalikuwa kama vyumba vya nyumba moja.

Sasa angalia kilichokuwa kinatokea kwenye vitabu vya sheria. Mwaka 1963 Tanganyika ilitunga sheria ya kuunda bodi yake ya huduma za maktaba. Mwaka 1964 Uganda ikafanya hivyo. Mwaka 1965 ikawa zamu ya Kenya. Ndani ya miaka mitatu kila nchi ilikuwa na chombo chake cha maktaba, chenye jina, bajeti na muhuri. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake, na hapo hata ada ya mwanachama ikawa na swali: unalipa kwa shilingi ya wapi? Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikagawanywa, na Julai Mosi Dar es Salaam ikapata chuo kikuu chake kamili. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja.

Kwa hiyo ilipofika 1972 wakutubi wa nchi hizi walikubaliana kukivunja chama chao, kila tawi lisimame lenyewe. Tawi la huku kwetu ndilo lililozaa Chama cha Ukutubi Tanzania, yaani CUTA. Rahisi kusema siasa ndiyo iliyowaua. Ilichangia, sikatai. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe, pamoja na Amin na yote, ilidumu hadi 1977. Jumuiya ilikuwa na mkataba wa serikali tatu. Chama cha wakutubi hakikuwa na kitu cha namna hiyo chini yake. Kilikuwa kinasimama juu ya mazoea, na mazoea yalipoondoka, kila tawi lilijikuta lina mwajiri wa taifa, sheria ya taifa na fedha ya taifa, huku jina lake bado ni la kanda.

Msomaji wa Dar ataelewa haraka nikimpa mfano wa mpira. Tawi la Yanga lililopo Mbagala lina bendera, mwenyekiti, benchi la kukalia na kelele za kutosha. Lakini haliwezi kuuza jengo la Jangwani. Haliwezi hata kusaini mkataba wa mchezaji wa ridhaa kwa jina la klabu. Tawi ni watu, si mtu. Mwenye uwezo wa kusimama mahakamani ni yule aliyesajiliwa, na usajili una mlango wake.

Kwetu milango hiyo ni ya zamani. Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ilianza mwaka 1954, enzi za mkoloni aliyetaka kujua nani anakutana na nani. Msajili wake yuko Wizara ya Mambo ya Ndani hadi leo. Chama kikisajiliwa hapo kinapata ruhusa ya kuwepo, lakini bado hakijawa mtu mbele ya sheria. Kikitaka kumiliki kiwanja au kushtaki, kinaunda bodi ya wadhamini na kuisajili chini ya sheria nyingine, ya mwaka 1956, ambayo siku hizi inasimamiwa na RITA. Mwaka 2002 ikaongezeka sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Kenya nayo ina msajili wake na sheria yake ya jumuiya, ya mwaka 1968. Uganda vilevile ina utaratibu wake. Msajili wa Dar hana mamlaka Kampala. Chama cha kanda kinachotaka kuwa kitu kimoja kisheria lazima kizaliwe nchi moja, kisha kiwe mgeni kwenye nchi nyingine.

Wakutubi walijifunza. Mwaka 1974, miaka miwili tu baada ya kuvunja chama, walikutana hapahapa Dar es Salaam, na safari hii walianzisha mkutano: Mkutano wa Kudumu wa Wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, unaojulikana kama SCECSAL. Kila nchi inabaki na chama chake, na mkutano unazunguka kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1976 ulikwenda Lusaka. Mwaka 1978 ulikwenda Nairobi, na hapo simama kidogo ufikirie: Jumuiya ilikuwa imeshakufa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Mkutano ukafanyika hivyohivyo. Kitu kisicho na mali ya kugawana ni kigumu kukivunja.

Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa. Hasara yake tunaiona sasa.

Zamani maktaba ya chuo ilihitaji rafu na kufuli. Mwaka 1962 sheria ya Tanganyika iliipa maktaba ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam haki ya kupokea nakala ya kila kitabu kinachochapishwa nchini, na haki hiyo ilikuwa na mwenyewe anayejulikana. Leo sehemu kubwa ya majarida ya kitaaluma haiji kwa posta. Chuo hakiyanunui, kinalipia ruhusa ya kuyasoma, na ruhusa hiyo ni mkataba. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani wanauza kwa bei ambayo chuo kimoja cha kwetu hakiiwezi, ndiyo maana vyuo vinaungana ili vijadiliane kwa sauti moja. Kenya wana KLISC, Uganda wana CUUL, sisi tuna COTUL, muungano wa maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti. Tazama: miungano mitatu, nchi tatu, wachapishaji walewale. Kanda nzima ingekuwa na sauti nzito zaidi mezani, lakini mezani anatakiwa mtu wa kusaini, na mkutano hausaini.

Kwenye vikoba vya huku Temeke sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hakuna anayeliita hilo urasimu. Kila mama anajua kwamba bila hizo kufuli, siku ya kugawana pesa ni siku ya ugomvi. Kwa nini basi sisi tunaopenda vitabu tunaona katiba ya chama cha wakutubi ni karatasi za kuchosha?

Wanaolipa gharama ya uvivu huo wapo karibu. Chang'ombe, wilayani Temeke, kuna DUCE, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005, kinachosomesha walimu. Kinondoni kuna makao ya Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na ambacho wanafunzi wake wametawanyika nchi nzima. Mwanafunzi wa Huria aliyeko Songea maktaba yake ni simu. Mkataba ukiisha na hakuna chombo chenye nguvu ya kuujadili upya, jarida linafunga mlango usiku mmoja, na yeye hataambiwa kwamba tatizo lilikuwa ni ibara fulani ya katiba. Ataona tu ukurasa unamdai dola.

Jumuiya ilirudi kwa mkataba wa 1999, ulioanza kazi Julai 2000. Vyuo vikuu vina Baraza lao la kanda, lenye sheria yake iliyopitishwa na bunge la Arusha mwaka 2009. Kwa hiyo njia ipo na imeshapitwa: chombo cha elimu kinaweza kupewa nafsi ya kisheria inayovuka mipaka. Wakutubi wa 1956 hawakuwa na bunge hili la Arusha la kuliomba. Wa leo wanalo, na ndilo hilo lililorithi herufi zao.