Kitanda Kinapolowa Tena: Watoto Waliohamishwa Uingereza, 1939–1945

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, kisha akaanza tena, kwa karne nyingi hakutofautishwa na yule ambaye hajawahi kuacha. Wote walipewa dawa zilezile. Kitabu cha tabibu Mwingereza Thomas Phaer, kilichotoka katikati ya miaka ya 1540 na ambacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya maradhi ya watoto kwa Kiingereza, kilishauri unga wa koromeo la jogoo lililokaushwa, au kwato za mbuzi zilizosagwa. Majumbani dawa iliyotumika zaidi ilikuwa fimbo na kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoilazimisha Uingereza kulitazama jambo hili upya.

Tarehe 1 Septemba 1939, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yaliingia Poland, serikali ya Uingereza ilianza kuwahamisha watoto kutoka London, Liverpool, Glasgow na miji mingine iliyohofiwa kupigwa mabomu. Ndani ya siku chache watu wapatao milioni 1.5 walikwisha kusafirishwa, zaidi ya nusu yao wakiwa wanafunzi walioondoka na walimu wao, bila wazazi. Kila mtoto alibeba barakoa yake ya kujikinga na gesi, na jina lake liliandikwa kwenye karatasi iliyofungwa kifuani. Vijijini walikusanywa ukumbini, na mara nyingi wenyeji ndio waliochagua wa kumchukua. Aliyechukua mtoto mmoja alilipwa shilingi 10 na peni 6 kwa wiki. Aliyechukua zaidi alilipwa shilingi 8 na peni 6 kwa kila mmoja.

Kulipokucha, nyumba nyingi zilikuta shuka zimelowa. Malalamiko yalijaa magazetini na katika ofisi za serikali za mitaa, na lawama ikawaangukia akina mama wa mitaa maskini ya mjini, kwamba hawakuwafunza watoto wao. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Mtoto wa miaka sita aliyezoea kubanana kitanda kimoja na ndugu zake alilazwa peke yake katika chumba asichokijua. Choo kilikuwa nje, upande wa pili wa bustani, na usiku taa zote zilifichwa kwa amri ya vita. Alijizuia alivyoweza, kwa sababu hakuthubutu kumwamsha mama mwenye nyumba aliyemwona kwa mara ya kwanza jioni ile. Mama yake mzazi alikuwa mbali, na hakujua kama yu salama. Mtoto aliyekauka mwaka mzima angelowesha kitanda katika hali hiyo, na wengi walilowesha.

Watoto wengi walioachwa wazoee mahali bila kelele walikauka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Wengine walichapwa, na hao hali yao ilizidi kuwa mbaya, kwa kuwa hofu iliyowaanzishia tatizo iliongezwa nyingine. Hata kifaa cha kengele inayolia shuka inapolowa, ambacho Wamarekani O. Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae walikuwa wameandika habari zake mwaka 1938, kingemfundisha mtoto kuamka tu. Upweke wake kisingeuondoa.

Desemba 1939 madaktari John Bowlby, Emanuel Miller na D. W. Winnicott walichapisha barua katika jarida la British Medical Journal wakionya kwamba kuwatenganisha na mama zao watoto wa kati ya miaka miwili na mitano kuna hatari kubwa kwa nafsi za watoto hao. Utafiti uliofanywa Cambridge chini ya Susan Isaacs, uliochapishwa mwaka 1941, nao ulionyesha uzito wa uhusiano wa mtoto na jamaa zake.

Serikali ilianzia kwenye ufuaji. Mwaka 1940 ilikubali kumwongezea mwenyeji wa mtoto anayekojoa shilingi 3 na peni 6 kwa wiki. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, ila faida yake ilizidi thamani yake: mama mwenye nyumba aliyelipwa sabuni na kazi ya kufua alikuwa na sababu moja pungufu ya kumkasirikia mtoto. Watoto walioshindikana majumbani walipelekwa katika hosteli maalumu. Katika zile za Oxfordshire, Winnicott alikwenda mara kwa mara akashirikiana na mfanyakazi wa ustawi wa jamii Clare Britton, na wote wawili waliamini kwamba kinachomponya mtoto ni mtu mzima anayebaki naye siku hadi siku bila kumkimbia.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulitoka London, katika vituo vya kulelea watoto vya Hampstead vilivyoendeshwa na Anna Freud na Dorothy Burlingham. Huko watoto wadogo waliokwisha kujua poti waliisahau mara walipotenganishwa na mama zao. Mwanzoni walezi waliwahudumia wote kwa pamoja. Baadaye watoto waligawanywa katika familia ndogondogo za watoto wanne hivi, kila familia na mlezi wake. Siku za kwanza zilikuwa za vilio na wivu, kila mtoto akimng'ang'ania mama yake mpya asiguswe na mwingine. Halafu baadhi ya waliokuwa wamekatiwa tamaa kabisa wakaanza kutumia poti. Hawakupewa dawa wala mafunzo mapya. Walikuwa wamempata mtu ambaye walitaka kumfurahisha.

Mwaka 1943 kundi la wanawake waliotafiti maisha ya mijini walichapisha ripoti iitwayo Our Towns, ambayo, pamoja na kuwalaumu baadhi ya wazazi, ilieleza pia hali za nyumba ambamo familia kadhaa zilichangia choo kimoja. Tangu mwaka 1942, vita vikiwa bado vinaendelea, Richard Titmuss alikuwa amepewa kazi ya kuandika historia rasmi ya huduma za jamii wakati wa vita. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alilichambua suala la kukojoa kitandani pamoja na hospitali na makazi yaliyobomolewa, na akaonyesha kwamba kelele za 1939 zilikuwa kubwa kuliko tatizo lenyewe.