Ibn al-Haytham na Hukumu ya Jicho Juu ya Umbali

Jicho hujuaje kuwa kitu kiko karibu au mbali? Suala hili liliwashughulisha wanachuoni tangu zamani. Wayunani kama Euclid na Ptolemy walisema kuwa miale hutoka jichoni ikakifikia kinachoonwa. Kwa kauli hiyo, umbali ni urefu wa mwale tu.

Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 354 Hijria (965 Miladia) na kufariki Cairo yapata mwaka 430 (1040), aliipinga kauli hiyo katika Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Alibainisha kuwa nuru ndiyo inayoingia jichoni. Hapo likazuka swali zito: ikiwa nuru inaingia tu, ni nani anayeipima njia iliyopita?

Jibu lake ni kwamba umbali huhukumiwa na akili kwa njia ya qiyas. Mizani yake ni ardhi iliyo baina yetu na kitu, ambayo tumezoea kuipima kwa hatua na kimo chetu. Mizani ikiondoka, hukumu hupotea. Alieleza jaribio la mtu anayechungulia katika tundu asiione ardhi, na mbele yake kuna kuta mbili zilizoachana: atadhani zimeshikana. Vivyo hivyo mawingu juu ya tambarare hudhaniwa yako mbali mno, lakini yakifunika vilele vya milima hujulikana kuwa yako karibu.

Kwa msingi huo alifafanua kwa nini mwezi huonekana mkubwa karibu na upeo. Pembe yake jichoni haiongezeki, ni takriban nusu ya digrii. Ila ardhi iliyotandaa huifanya akili iuhukumu kuwa uko mbali zaidi, hivyo mkubwa zaidi. Wataalamu wa leo wanajadiliana juu ya sababu, lakini wanakubaliana kuwa ukubwa ule hauko angani.

Hapa elimu hii inakutana na fiqhi. Mara ngapi tumesikia: "Mwezi huu mkubwa, ni wa jana!" kisha ndugu wakatuhumiana kula siku ya Ramadhani? Amepokea Imam Muslim kwamba watu waliona mwezi mwandamo, baadhi wakasema ni wa siku tatu, wengine wa siku mbili. Ibn Abbas (r.a.) akawajibu kuwa ni wa usiku waliouona. Hukumu ilijengwa juu ya kuonekana kwake, si juu ya makisio ya ukubwa. Na mwezi mwandamo huonekana karibu na upeo, pale pale ambapo akili hukosea kupima. Basi tusivunje udugu kwa ushahidi wa namna hiyo.

Wallahu a'alam.