Shule za Sekondari za Serikali za Karagwe na Kyerwa: Mafanikio ya Masomo na ya Nje ya Darasa

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa moja hata Kyerwa ilipojitenga mwaka 2012, ziko pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania, zikipakana na Rwanda, na Kyerwa kadhalika na Uganda. Shule zao za sekondari za serikali zilikuwa chache mno mpaka ulipoanza, mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliokusudia kila kata iwe na shule yake, ndipo wana wa wakulima wa migomba na kahawa, ambao elimu hiyo ilikuwa kwao muhali, walipofunguliwa mlango. Shule ya Bugene, katika Karagwe, hufundisha mpaka kidato cha sita.

Katika mtihani wa kidato cha nne hujumlishwa masomo saba aliyoyafanya mtahiniwa vyema zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na mwenye jumla ya 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza. Hesabu hiyo ni bayana, walakini haisemi mtoto alianzia wapi. Aliyelelewa kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza akakuta fizikia, jiografia na hesabu zote kwa Kiingereza, hata swali ambalo jawabu lake analijua huweza kumponyoka kwa kutofahamu tamko moja. Daraja la tatu la mtoto huyo, kwa rai yetu, lastahili heshima kubwa.

Mdahalo husaidia sana hapo: mwenyekiti hukaa mbele, katibu na mtunza muda ubavuni mwake, watetezi na wapinzani wa hoja husimama kwa zamu, na aliyekuwa akiona haya kufungua kinywa hulazimika kujibu papo kwa papo. Kuna pia michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ambayo wateule wake hupanda kutoka wilaya hadi mkoa, kisha taifa; na Klabu za Malihai, za uhifadhi wa wanyamapori, zilizoasisiwa nchini mwaka 1980, zina darasa karibu tangu zilipotangazwa hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa mwaka 2019.

Tukirudi kwenye mitihani, Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Uamuzi huo ni wa insafu, kwani shule ya kata na shule teule hazikupewa walimu, maabara wala mabweni sawasawa.