Kimya cha Aliyezimia

Anayefundishwa huduma ya kwanza huambiwa ajitambulishe na aombe ruhusa kabla ya kumgusa majeruhi. Aliyezimia huhesabiwa ameridhia. Wengi husikia humo kwamba asiyejitambua amekuwa mali ya mwokoaji. Mahakama hazikumaanisha hivyo. Mwaka 1908 Mary Schloendorff alilazwa New York Hospital kwa maradhi ya tumbo. Kwa maelezo yake, alikubali kupewa etha ili uvimbe wake uchunguzwe, lakini akakataa kupasuliwa. Alizinduka uvimbe umeshatolewa, kisha mkono ukaanza kuoza hadi vidole vingine vikakatwa. Mwaka 1914 jaji Benjamin Cardozo aliandika kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwamuzi wa mwili wake, na daktari anayempasua bila ridhaa amemshambulia, isipokuwa pale mgonjwa amezimia na hali haisubiri. (Mama huyo alishindwa hata hivyo, kwa kuwa alikuwa ameishtaki hospitali, si madaktari.) Haki na dharura vilitajwa kwa pumzi moja, na dharura ikaruhusiwa kwa sababu tu hakuna wa kuulizwa.

Je, kama aliyezimia alishajibu mapema? Juni 1979, baada ya ajali ya gari, mama wa miaka 57 alifikishwa hospitalini Kirkland Lake, Kanada, hajitambui. Muuguzi alikuta katika mkoba wake kadi ya Kifaransa: yeye ni Shahidi wa Yehova, asitiwe damu kwa hali yoyote. Ilikuwa na sahihi, haina tarehe wala shahidi. Daktari aliisoma, akamtia damu. Kesi yake dhidi ya daktari huyo, Malette dhidi ya Shulman, ilipofika mahakama ya rufaa ya Ontario mwaka 1990, hoja ya kumtetea daktari haikuwa nyepesi: nani ajuaye kama mgonjwa hakubadili nia, au kama angeng'ang'ania akijua kifo ki mlangoni? Lakini shaka hiyo inaweza kubatilisha hata wosia, maana hakuna anayeandika neno la kesho akiwa tayari kesho. Tena ni shaka ya daktari, haina dalili yoyote kutoka kwa mgonjwa. Majaji walikubali kwamba daktari alitenda kwa nia njema na kwamba huenda damu ile ndiyo iliyomponya mama huyo. Bado waliithibitisha fidia ya dola 20,000.