Majalada yaliyozikwa Tabora: safari ndefu ya kumbukumbu za serikali za mitaa

Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokuwa yanaisogelea Tabora, maofisa wa Kijerumani walikuwa na kazi mbili za haraka. Ya kwanza ilikuwa kuwaondoa askari wao mjini. Ya pili ilikuwa kuficha karatasi. Majalada yaliyokuwa yamehamishiwa huko kutoka pwani, mbali na mizinga ya Waingereza, hayakubebeka tena, na wao hawakutaka kumwachia adui. Wakachimba, wakazika. Tarehe 19 mji ukaanguka.

Vita vilipokwisha, Waingereza waliyafukua. Hii leo sehemu kubwa ya kilichosalia kipo katika jengo la Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza majalada hayo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Yamo mambo ya mashamba, kodi, barabara na mashauri ya wilaya, yameandikwa na watu ambao hawakuwaza kwamba karatasi zao zingelala ardhini na kuamka zikiwa urithi wa dunia.

Nimeanza na mashimo ya Tabora kwa sababu yanaeleza jambo ambalo limejirudia nchini kwa zaidi ya miaka 100. Kila utawala ulipobadilika, karatasi za wilayani ziliumia mapema. Na zilipoumia, waliolia baadaye hawakuwa wakubwa. Mkubwa ana wakili na ana nakala. Mwenye shamba la ekari tatu na mzee anayedai kiinua mgongo hutegemea kumbukumbu moja tu, ile iliyoko masjala.

Kutoka kwa akida hadi Kitabu cha Wilaya

Neno masjala ni ndugu wa sajili, na kazi yenyewe ni ya zamani kuliko halmashauri zetu. Wajerumani walipotawala kupitia maliwali, maakida na majumbe, waliamua kuendesha utawala wa chini kwa Kiswahili. Barua za kwanza ziliandikwa kwa hati za Kiarabu. Baadaye, shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikatoa makarani walioandika kwa herufi za Kilatini. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, orodha ya walipaji ikawa miongoni mwa kumbukumbu za kwanza za serikali kuingia katika maisha ya kila kaya. Kwa wengi, mara ya kwanza jina lao kuandikwa popote ilikuwa ni kwa ajili ya kudaiwa.

Waingereza walikuja na utaratibu wao. Gavana Donald Cameron aliwasili mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji iliyowapa watemi na machifu mabaraza, mahakama na hazina zao. Ili kuwatawala watu kupitia viongozi wao, mkuu wa wilaya alilazimika kuwajua, na huko ndiko kulikostawi Kitabu cha Wilaya. Kila boma lilikuwa na chake. Ndani yake mliandikwa historia za makabila, nasaba za watemi, mila za ndoa na mirathi, taratibu za ardhi na hesabu za watu. Mkuu wa wilaya alipohamishwa alimwachia mwenzake kitabu, naye akaendelea pale kalamu ya kwanza ilipoishia.

Vitabu hivyo vina kasoro nzito. Viliandikwa na mgeni aliyesikiliza kupitia mkalimani, na mara nyingi nasaba alisimuliwa na mtu mwenye haja ya kiti cha utemi. Hata hivyo, leo mtafiti anayetaka kujua nani alikuwa mtemi wa eneo fulani miaka ya 1930 huanzia hapo. Nadhani somo lake kwa halmashauri za leo ni dogo lakini la maana: ofisa alijua kwamba atahamishwa, akaandika kwa ajili ya yule asiyemjua.

Moto wa mwisho wa ukoloni

Mei 1961, miezi saba kabla ya uhuru wa Tanganyika, Ofisi ya Makoloni London ilituma maelekezo kuhusu majalada ambayo serikali mpya za Afrika hazikupaswa kurithi. Yale ambayo yangeiaibisha Serikali ya Uingereza, au kuwafichua watoa habari wake, yalitakiwa kusafirishwa Uingereza au kuharibiwa. Nchini Kenya kazi hiyo ilishuka hadi majimboni na wilayani, na majalada hayo yaliruhusiwa kushikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya pekee. Maelekezo hayakuacha kitu. Karatasi zichomwe hadi ziwe majivu, na majivu yenyewe yapondwe. Kama hazikuchomeka, ziwekwe kwenye makasha mazito yatoswe baharini penye kina kirefu.

Ukweli ulijitokeza mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya waliopitia mateso ya vita vya Mau Mau dhidi ya Serikali ya Uingereza mjini London. Ndipo ikakubaliwa kwamba maelfu ya majalada ya makoloni, yakiwamo ya Tanganyika, yalikuwa yamefichwa huko kwa nusu karne. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 fidia na gharama za pauni milioni 19.9. Majalada yaliyofichwa yaliwasaidia wazee wale. Yaliyochomwa hayatamsaidia yeyote.

Miaka 12 bila halmashauri za wilaya

Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu. Mwaka huohuo Waraka wa Rais Namba 7 ulianzisha Nyaraka za Taifa, na mwaka 1965 ikatungwa sheria yake. Wakati ofisi za watemi zinafungwa, taifa lilikuwa linatafuta pa kuweka karatasi zao.

Pigo jingine lilikuja kutoka kwetu wenyewe. Julai 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikachukuliwa na watendaji wa serikali kuu mikoani na wilayani. Zile za miji zikafuata. Lengo lilikuwa kuharakisha maendeleo, lakini ofisi inayovunjwa huacha makabati. Ofisi isiyo na mrithi haina mtu wa kuulizwa jalada liko wapi.

Katika miaka hiyohiyo ilipita Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakahamishwa kutoka mashamba yao. Hakujapata kutokea uhamishaji mkubwa wa watu kama ule katika historia yetu, na ulifanyika wakati halmashauri hazipo. Serikali za mitaa zilijengwa upya kwa sheria mbili za mwaka 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Haukupita muda mahakama zikapokea watu waliokuwa wakidai mashamba waliyohamishwa. Bunge lilijaribu mwaka 1992 kuzifuta haki hizo za zamani. Mwaka 1994, katika shauri lililoanzia Arusha, Mahakama ya Rufani ikasema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Haki ilikuwepo. Kilichobaki ni kuithibitisha, na wengi walikuwa na ushahidi wa wazee tu kuonyesha mti, kaburi na mto.

Barua ya kuthibitishwa kazini

Hasara ya jalada lililopotea naijua pia nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa karani wa halmashauri kwa zaidi ya miaka 30. Alipostaafu aliambiwa alete barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini. Akaenda masjala kuulizia jalada lake binafsi. Wilaya ilikuwa imegawanywa, naye akaelekezwa wilaya mama. Wilaya mama wakamwambia majalada ya watumishi waliohamishwa yalikwishapelekwa wilaya mpya. Alipanda basi mara sita kati ya miji hiyo miwili.

Mwishowe alirudi nyumbani akafungua sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Humo alikuwa amehifadhi kila barua aliyowahi kuandikiwa, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi wa masjala, kila moja na namba ya folio kwa wino mwekundu. Alikuwa amejifungulia jalada mwenyewe. Barua ya kuthibitishwa ilikuwa folio ya 9. Nilimuuliza ilikuwaje akaweka. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimekaa masjala. Najua jalada linavyopotea."

Alilipwa. Lakini nikawafikiria wenzake ambao hawakuwa makarani, dereva na mhudumu wa zahanati, waliotumikia miaka ileile na kuiamini ofisi.

Kuteketeza kwa utaratibu

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 ilikuja kuweka msingi mpya. Inahusu ofisi za umma zote, halmashauri zikiwemo, na inampa mkuu wa kila ofisi wajibu wa kumbukumbu zake. Tangu hapo safari ya jalada inajulikana. Linapotumika kila siku ni kumbukumbu hai, na makao yake ni masjala, ya wazi au ya siri. Likipungua kutumika linakuwa kumbukumbu tuli na linahamishwa. Lenye thamani ya kudumu linakuwa nyaraka ya taifa, na kwa kawaida hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30. Lisilo na thamani tena linateketezwa.

Watu wengi hushtuka wakisikia neno hilo la mwisho. Wasishtuke. Halmashauri ikitunza kila karatasi, hairuhusu hata moja kuonekana. Stakabadhi za choo cha soko za miaka 20 zikirundikwa juu ya ramani za viwanja, mchwa hawatachagua. Uteketezaji halali una ratiba inayosema aina gani ya kumbukumbu ikae muda gani, una orodha ya kinachokwenda, una idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na una maandishi yanayobaki. Mwananchi akiuliza miaka 15 baadaye, anajibiwa jalada lake lilikwenda lini na kwa kibali gani. Wakoloni walichoma ili kusiwe na jibu. Sheria yetu inataka hata moto uwe na jalada.

Kinachokosekana mara nyingi ni watu na chumba. Masjala imekuwa mahali pa kumpeleka mtumishi aliyemkera bosi, na ghala la kumbukumbu ni stoo yenye matairi. Hili linabadilika polepole. Chuo cha Utumishi wa Umma kinafundisha watunza kumbukumbu wa nchi hii, na tawi lake mojawapo liko Tabora, mji uleule wa mashimo ya 1916. Ofisi nyingi za umma sasa zinapitisha madokezo kwenye mfumo wa Ofisi Mtandao. Ni hatua njema, mradi ikumbukwe kwamba kompyuta nayo huzikwa. Mfumo ukibadilishwa bila kuhamisha kilichomo, hakuna atakayechimba akakipata.

Kabati la kijijini

Masjala ndogo kuliko zote nchini ndiyo inayobeba mengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inakitaka kijiji kiwe na masjala ya ardhi, chini ya uangalizi wa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mwanakijiji anapopewa hati ya hakimiliki ya kimila, hati huenda nyumbani kwake na kumbukumbu yake hubaki ofisini.

Halmashauri za kijiji hubadilika kila baada ya uchaguzi, na watendaji huhamishwa. Siku ya makabidhiano hukabidhiwa muhuri, vitabu vya stakabadhi, viti na meza. Ningependa kila kijiji kiongeze jambo moja siku hiyo: kabati la masjala lifunguliwe mbele ya wajumbe, kumbukumbu za hati zihesabiwe moja moja dhidi ya rejesta, idadi iandikwe, na pande zote mbili zitie saini kabla ufunguo haujabadilisha mkono. Ni kazi ya asubuhi moja. Wajerumani wa Tabora hawakuwa na asubuhi hiyo, na halmashauri za 1972 hazikuachiwa mrithi wa kumhesabia. Sisi tunaye, na kwa kawaida anakuja kwa barua ya uhamisho inayotaja tarehe.