Kutoka baraza la liwali hadi Amri Namba 35: safari ya mahakama za Oman

Tarehe 8 Agosti 1905, waamuzi watatu walitoa hukumu mjini The Hague, Uholanzi, katika kesi ambayo nahodha yeyote wa Lamu au Unguja angeielewa mara moja. Majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yalikuwa yakipeperusha bendera ya Ufaransa. Wenyewe walikuwa raia wa Sultani wa Maskati, ila karatasi zao walizipata kwa Wafaransa, na faida yake haikujificha: manowari za Waingereza, zilizokuwa zikisaka wasafirishaji wa watumwa kati ya Afrika Mashariki na Ghuba, hazikuwa na ruhusa ya kuyapekua.

Uingereza ikalalamika, Ufaransa ikashikilia lake, wakapelekana kwa wasuluhishi. Wakaamua kwamba baada ya Januari 2, 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kumpa bendera raia wa Sultani, isipokuwa yule aliyekuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Bendera hairithiwi, wala haihamishwi kutoka chombo hadi chombo. Tena, kuipandisha mlingotini hakumtoi nahodha, mabaharia wake wala jamaa zao katika hukumu ya Sultani.

Hilo la mwisho ndilo zito. Sultani alihitaji wageni wa Ulaya wamthibitishie kwamba ana haki ya kuwahukumu watu wake mwenyewe. Na wakati huohuo, mjini mwake Maskati, kulikuwa na watu asioweza kuwagusa. Kwa mkataba wa 1833 Wamarekani walihukumiwa na konseli wao, na kwa ule wa 1839 Waingereza wakapata haki kama hiyo. Kivuli cha Uingereza kiliwafunika pia wafanyabiashara wa Kihindi, wale wale walioshika ushuru wa forodha.

Mwomani wa kawaida alikuwa na njia fupi zaidi. Alikwenda ngomeni kwa liwali, akaamkia, akanywa kahawa, akasema shida yake kwa mdomo mbele ya waliohudhuria. Ugomvi wa kawaida liwali aliumaliza mwenyewe. Ndoa, mirathi na damu alimwachia kadhi. Nyingi kati ya kesi za bara zilikuwa za maji ya falaji, mifereji inayolisha mashamba ya mitende. Zamu ya maji ilipimwa kwa athari, takriban nusu saa, kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku, na zamu hizo huuzwa, hukodishwa na kurithiwa. Kadhi asiyejua hesabu ya falaji asingefaa kitu Nizwa, mji wa huko bara, hata angehifadhi vitabu vyote vya fiqhi.

Nizwa yenyewe kwa muda mrefu haikuwa ya Sultani. Baada ya Mkataba wa Sib wa 1920, kati ya Sultani na watu wa bara, bara ilibaki kwa Imamu Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyekuwa na maliwali na makadhi wake hadi alipofariki 1954. Mtu akitoka pwani kwenda milimani alibadili serikali na hakimu pia.

Kwetu huku mfumo huo si mgeni. Unguja ya masultani ilikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisuni. Nasir bin Salim al-Rawahi, mshairi anayejulikana kwa jina la Abu Muslim, alitoka Oman akawa kadhi Unguja, akafia huko 1920. Na Mahakama za Kadhi zinazotajwa katika Katiba ya Kenya ya 2010 ni mabaki ya utawala huohuo wa mwambao.

Mambo yalianza kubadilika Oman baada ya Julai 23, 1970, Qaboos bin Said alipompindua Sultani, baba yake. Kanuni ya adhabu ilitoka 1974. Miaka ya themanini kesi za jinai zikapewa mahakama zake, na 1997 biashara nayo ikapata mahakama yake. Mpangilio kamili ulikuja na amri za 1999: mahakama ya mwanzo, ya rufaa na Mahakama Kuu kileleni, mahakama ya utawala ambako raia angeweza kuishitaki wizara, na idara ya mwendesha mashtaka. Kadhi wa sharia akawa hakimu miongoni mwa mahakimu, katika jengo moja na wenzake. Sheria ya Msingi ya 1996 ilikwishasema kwamba mahakama ziko huru.

Uhuru huo umepanda na kushuka. Maandamano ya 2011 yalipotikisa Sohar na miji mingine, Qaboos aliwaondoa waendesha mashtaka chini ya mkuu wa polisi. Mwaka uliofuata uenyekiti wa Baraza Kuu la Mahakama, uliokuwa wake mwenyewe, akamwachia mkuu wa Mahakama Kuu. Ilikuwa hatua kubwa, na haikupiganiwa bungeni. Ilitoka kwa amri. Basi kwa amri ikarudishwa. Mei 2022 mrithi wake, Sultani Haitham bin Tariq, alitoa Amri Namba 35/2022: mahakama zote, ile ya utawala ikiwemo, pamoja na waendesha mashtaka, zikawekwa chini ya baraza moja, mwenyekiti Sultani. Kwa uendeshaji huenda ni nafuu, maana mashauri hayagongani tena kati ya taasisi. Kwa uhuru wa hakimu, mimi naona ni kurudi nyuma.

Ila amri za namna hiyohiyo zimefungua milango iliyofungwa kwa miaka. Tangu 1993 Mwomani aliyetaka kuoa au kuolewa na mgeni alilazimika kwanza kupata kibali cha serikali, jambo lililozitesa familia zenye mguu mmoja Maskati na mwingine Unguja. Aprili 2023 sharti hilo likafutwa. Miezi mitatu baadaye ikaja Sheria ya Kazi mpya: likizo ya uzazi siku 98, na baba siku 7. Tangu Januari 2021, mfanyakazi mgeni aliyemaliza mkataba hahitaji tena barua ya mwajiri wa zamani ili ahamie kwingine.

Wapishi, yaya na wasafishaji wa majumbani, Watanzania na Wakenya wakiwemo, Sheria hiyo ya Kazi haikuwagusa. Sheria ya 2003 iliwaacha nje, ya 2023 ikawaacha nje vilevile, na mambo yao yanaamuliwa kwa kanuni za waziri wa kazi. Msichana wa Tanga aliyenyimwa mshahara Maskati huanza kwa kulalamika wizarani, ikiwa pasi yake haijafungiwa kabatini mwa mwajiri na ikiwa anaruhusiwa kutoka nje ya geti.