Njia ya Nyumbu Kando ya Mto Potomac

Tarehe 4 Julai 1828, Rais John Quincy Adams wa Marekani alishika sepetu mbele ya umati uliokusanyika kando ya Mto Potomac, juu kidogo ya Georgetown, akalichoma ardhini. Likagota kwenye mzizi. Akarudia, likagota tena. Rais akavua koti, akalikamata sawasawa, na pande la kwanza la udongo lilipong'oka watu wakashangilia. Mfereji wa Chesapeake na Ohio ukawa umeanza. Nia ilikuwa kuufikisha Mto Ohio, huko Pittsburgh, ili mazao na makaa ya mawe ya bara yateremke kwa maji mpaka bandarini.

Siku hiyohiyo, huko Baltimore, mzee Charles Carroll, wa mwisho aliyekuwa bado hai kati ya waliotia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, aliweka jiwe la kwanza la reli ya Baltimore na Ohio. Reli nayo ilikuwa na safari ileile. Penye milima inayobana mto, mahali kama Point of Rocks, palikuwa na ukanda mwembamba tu wa ardhi tambarare, na kampuni zote mbili ziliutaka. Zikapelekana mahakamani kwa miaka kadhaa. Reli ilifika mji wa Cumberland mwaka 1842. Mfereji ulifika hapohapo mwaka 1850, umekwishameza zaidi ya dola milioni 11, na haukwenda mbele tena. Pittsburgh ikabaki ng'ambo ya milima.

Waliouchimba wengi wao walikuwa vibarua kutoka Ireland, pamoja na Wajerumani na Wawelsh. Walilala kwenye vibanda, wakalipwa kidogo, na kampuni ilipoishiwa fedha hawakulipwa kabisa. Mwaka 1832 kipindupindu kikawapukutisha. Januari 1834, karibu na Williamsport, makundi mawili ya Waayalandi, watu wa Cork na watu wa Longford, yalipigana kwa kugombea kazi, na Rais Andrew Jackson akatuma askari wa serikali kuu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jeshi hilo kuingizwa kwenye ugomvi wa wafanyakazi. Anayetembea leo chini ya miti ya pale, kwenye njia ya kando ya mfereji, iliyonyooka na kutulia, anakanyaga kazi ya watu hao, na naona ni haki yao kukumbukwa kabla hatujasifu mandhari.

Kazi yao inaonekana wazi kuliko kote katika handaki la Paw Paw. Hapo mto unajipinda na kurudi nyuma mara kadhaa, wahandisi wakaona heri kuutoboa mlima kuliko kuufuata. Kazi ilianza mwaka 1836 kwa makisio ya miaka miwili. Ikachukua 14, kwa sababu mwamba ulikuwa mgumu na fedha zilikatika katikati. Handaki lina urefu wa mita 950, na ndani limejengewa matofali yapatayo milioni sita. Njia iliyomo ni nyembamba: upande mmoja ukuta, upande mwingine uzio na maji. Mwenye baiskeli hushuka, akawasha tochi, akaikokota huku mlango wa pili ukionekana mbele kama nukta ya mwanga. Akipitisha mkono juu ya uzio, vidole vinazama kwenye mifuo iliyokwaruzwa na kamba za matishari.

Kamba hizo zilivutwa na nyumbu, mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Kila tishari lilibeba zaidi ya tani 100 za makaa ya mawe. Nyumbu walikwenda pembeni ya maji kwa mwendo wa mtu atembeaye, wakavuta kwa zamu ya saa sita, kisha wakabadilishwa na wenzao waliokuwa wakipumzika katika zizi dogo lililokuwa mbele ya chombo chenyewe. Familia nyingi ziliishi humo msimu mzima. Mara nyingi mtoto ndiye aliyewaongoza nyumbu, na mwendo wa siku yake ungemchosha mtu mzima.

Kutoka Cumberland hadi Georgetown ni kilomita 297, na ardhi inashuka mita 184. Maji yaliteremshwa ngazi kwa ngazi kwa malango 74. Tishari likiingia kwenye lango lilibakiza nafasi ya vidole tu kila upande. Mlinzi alifunga milango nyuma yake, akafungulia maji yatoke chini, chombo kikashuka mita mbili na kitu, kisha milango ya mbele ikafunguliwa. Baharia alipiga honi kutoka mbali, na mlinzi alitakiwa kutoka hata kama ni usiku wa manane. Ndiyo maana aliishi hapohapo, katika nyumba ndogo ya mawe au matofali. Baadhi ya nyumba hizo leo hulaza wasafiri.

Mto wenyewe haukuwahi kukubali mpango huu moja kwa moja. Mafuriko ya mwaka 1889 yaliuvunja mfereji vibaya, kampuni ikafilisika, na usimamizi ukaangukia mikononi mwa mshindani wake, reli. Mafuriko ya mwaka 1924 yakaumaliza. Mwaka 1938 serikali kuu iliununua kwa dola milioni 2, na vijana Weusi wa kambi mbili za kikosi cha ajira kilichoundwa na Rais Roosevelt wakapelekwa kukarabati kilomita 35 za chini, kuanzia Georgetown. Mara nyingi historia ya njia hii husimuliwa kwa kuanza na jaji maarufu. Mimi ningeanza na vijana hawa, kwa sababu bila koleo zao jaji angekuta vichaka.

Jaji huyo ni William O. Douglas wa Mahakama ya Juu. Ulikuwapo mpango wa kujenga barabara ya magari juu ya mfereji, na Januari 1954 tahariri ya gazeti la Washington Post iliuunga mkono. Douglas akaliandikia gazeti, akamwalika mhariri watembee pamoja urefu wote, aone kwa macho yake kitakachopotea. Mwaliko ukakubaliwa. Tarehe 20 Machi safari ilianza kutoka Cumberland, na watu 58 hivi walishiriki sehemu yake moja au nyingine. Siku ya nane, waliofika mwisho wakiwa wametembea njia nzima walikuwa tisa, jaji akiwa mmoja wao. Gazeti lililegeza msimamo wake, mpango wa barabara ukafa, na Januari 1971 mfereji wote ukatangazwa hifadhi ya taifa ya kihistoria.

Mahali pa kulala siku mbili ni Harpers Ferry, mji mdogo ambapo Mto Shenandoah unaingia Potomac. Hapa ndipo mpinga utumwa John Brown na watu wake walipovuka daraja usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859, kutoka upande wa mfereji, wakaiteka ghala ya silaha ili kuwakomboa watumwa. Mwaka 1906 W.E.B. Du Bois na wenzake wa Vuguvugu la Niagara, lililodai haki za Wamarekani Weusi, walikutana mjini humo, wakaenda peku kutoa heshima kwenye jengo alimojificha Brown. Leo njia ya Appalachian, itokayo Georgia hadi Maine, inavuka mto kwa daraja la miguu na kuungana na njia ya nyumbu kwa kitambo. Anayepanda Maryland Heights, ng'ambo ya mto, atahema sana, lakini juu mwambani ataona mito yote miwili, reli na mji kwa pamoja. Kwenye ukuta wa jengo moja huko chini zimechorwa alama za mafuriko. Ya mwaka 1936 iko juu kuliko zote.

Kwa mwendesha baiskeli, mteremko huo mdogo wa kilomita 297 ni faraja, ingawa baada ya mvua njia hugeuka tope na mizizi huanza kuteleza. Kuna vituo vya kupiga hema bila malipo, vyenye pampu ya maji na choo. Na siku hizi safari haiishii Cumberland. Njia nyingine, Great Allegheny Passage, iliyotengenezwa juu ya reli zilizokufa na kukamilika mwaka 2013, inaendelea kilomita 240 kuvuka milima. Mwisho wake ni Pittsburgh.